Wiki ya Midomo Myeusi

Jumatatu, 3 Juni

Mama Mkwe kasafiri. Goti linamsumbua, anakwenda kumwona daktari wa mifupa, atakaa kwa dada yake hadi Jumapili. Duka la vipodozi katuachia mimi na Shemeji.

Kabla ya kuondoka alitusimamisha mbele ya kaunta. Akasema kachoka kusimama kutwa. Akirudi, funguo za duka atampa mmoja wetu. Mmoja tu! Akatutazama kwa zamu. Mimi nikainamisha macho, kama inavyompasa mkwe. Shemeji akatazama kucha zake.

Funguo hizo nazitaka. Nazitaka hadi ndotoni. Tangu nimeoa nyumba hii mimi ni mtu wa stoo. Nina mvi kidevuni na wateja bado wananiita kijana wa maboksi. Mke wangu halalamiki, ila watu wakimuuliza mumeo anafanya kazi gani, hujibu kwamba niko dukani, kisha huwauliza habari za watoto wao haraka haraka. Nimemsikia. Inaniuma.

Kikwazo ni Shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu. Ana kistuli chake pale mlangoni penye mwanga. Mteja anakaa, Shemeji anampaka poda kidogo, wanja mwembamba, mdomo rangi ya waridi, basi. Anauita mwonekano wa kila siku. Mtu anaingia kachoka, anatoka kama aliyelala vizuri, na mkononi kashika kila alichopakwa. Watu wanamsifu kama kagundua dawa. Kupaka tu! Hata ukuta hupakwa.

Mkakati wangu: kuagiza mzigo utakaotikisa mtaa. Nilimvizia Shemeji alipokwenda kula, nikampigia muuza jumla. Nikamwambia nataka rangi ya mdomo, boksi kubwa, iliyokolea. Akauliza iliyokolea kiasi gani. Nikamwambia kabisa. Akauliza kabisa-kabisa? Nikamwambia sitaki masihara, aniletee ile iliyokolea kuliko zote alizonazo, asiponipa hiyo nahamia kwa mwingine. Akasema sawa, bosi.

Bosi! Nimemwambia mke wangu jioni kwamba nimeitwa bosi. Alikuwa anakuna nazi. Akauliza na nani.


Jumanne, 4 Juni

Boksi limefika. Nililifungua mwenyewe, mbele ya Shemeji na wateja wawili, kwa mbwembwe.

Nyeusi.

Zote nyeusi! Juu, katikati, chini kabisa. Nyeusi kama sufuria la shuleni. Nilipiga simu. Muuza jumla akanijibu kwa upole kwamba nilitaka iliyokolea kuliko zote, je, naijua rangi iliyokolea kuliko nyeusi? Akasema pia kwamba boksi lililofunguliwa halirudi.

Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Wale wateja nao wakakaa. Mimi nikajikaza kisabuni. Nikawaambia kwa sauti ya juu kwamba hii ndiyo niliyoagiza. Ni mtindo. Unaitwa gothiki. Niliwahi kuona picha kwenye simu ya mtu: msichana mweupe usoni kama chokaa, mdomo mweusi, macho yamezungushiwa wanja, kasimama penye geti la kutu, hacheki na mtu. Shemeji akaniuliza kama picha ile haikuwa tangazo la filamu ya mashetani. Nikamwambia asiyejua mitindo anyamaze.

Nilipanga zote rafu ya mbele. Nikabandika karatasi: GOTHIKI IMEINGIA. JIPAMBE UTISHE.

Mteja wa kwanza akauliza kama ni ya kufanyia msiba. Wa pili akauliza kama inakaa kwenye nywele. Fundi viatu wa pale nje alijaribu moja kwenye kisigino cha kiatu cha mteja, akaipenda, akataka nyingine sita. Nilimfukuza. Baadaye nikajuta. Nikamfuata. Alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Shemeji leo kapamba watu tangu asubuhi bila kupumzika. Mimi nimeuza pamba ya masikio.


Jumatano, 5 Juni

Nimepata jibu! Watu hawanunui kwa sababu hawajaona. Rangi ya mdomo lazima ionekane mdomoni.

Mdomo uliokuwa karibu ni wangu.

Nilijipaka asubuhi kabla Shemeji hajafika. Nilifuata mstari wa mdomo vizuri kabisa, sikuvuka. Kwenye kijikaratasi cha ndani imeandikwa kwamba haitoki kwa maji, kwa chai, wala kwa kubusu. Nikacheka. Wauzaji wote hutia chumvi. Sisi wenyewe tunatia.

Haitoki.

Nimejaribu sabuni ya kufulia. Nimejaribu limau, likaniuma hadi machozi. Nimejaribu mswaki, nimejaribu majivu, nimejaribu kusugua kwa taulo hadi taulo likalegea nyuzi. Mdomo umevimba. Sasa ni mweusi na ni mkubwa.

Shemeji alipoingia alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba shemeji yake leo katisha. Nikamshukuru. Ni mara ya kwanza ananisifu. Nilishangaa kidogo kwa nini alitoka nje kukohoa.

Mchana, balaa. Simu ya Mama Mkwe, na si simu ya sauti, ya video! Shemeji akaipokea, na kabla sijakimbilia stoo akanigeuzia mimi, eti Mama anataka kunisalimu. Mbaya sana huyu. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikainamisha kichwa, nikatoa shikamoo kupitia vidoleni. Mama akauliza habari za kazi. Nikajibu hivyo hivyo, kiganja mdomoni, macho sakafuni. Akauliza kama naumwa jino. Nikatikisa kichwa. Kisha nikasikia sauti yake imelainika. Akamwambia Shemeji kwamba siku hizi wakwe wanawakodolea macho mama zao kama wenzao wa baa, lakini huyu, tazama, hata mdomo hathubutu kuuonyesha. Akasema kalelewa huyu.

Shemeji uso ulimshuka kama hema lililong'olewa kigingi. Nimeshinda! Nimeshinda bila hata kupanga. Wenye vipaji ndivyo tulivyo.

Jioni mke wangu alinitazama mezani. Nikamwambia aseme tu. Akasema mume wangu, umetisha. Sifa mbili hizo, kwa siku moja! Nikamuuliza kama na yeye angependa nimpake. Akasema ana kitambaa cha kushona.


Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu!

Ilianza vibaya. Duka tupu upande wangu, foleni upande wa Shemeji. Kwenye foleni alikuwemo Mwalimu wa Hesabu wa shule ya jirani. Mwanamke mpole hadi anaudhi. Ukimkanyaga, anakuomba radhi. Darasa lake tunalisikia kutoka dukani, viti vinaburuzwa, watu wanaimba, na katikati kisauti chake kinaomba jamani, jamani. Alikuja apakwe kidogo kwa sababu kipindi cha leo Mkuu wa Shule angepita madarasani, na safari hii akikuta kelele tena, atamhamishia ofisini akapange mafaili. Alisema hivyo huku anacheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. Anapenda kufundisha. Anazipenda sana hesabu, maskini.

Shemeji alikuwa bado na dada mmoja anayekwenda usaili, kope moja imebandikwa, moja bado. Mwalimu anatazama saa. Nikaona nafasi. Nikamshika mkono, nikamkalisha juu ya boksi kule nyuma, nikamwambia leo atapambwa na msimamizi mwenyewe.

Alinitazama mdomo. Alitaka kusema kitu. Ila upole wake ukamzuia.

Gothiki inataka uso mweupe. Poda zetu hazifiki huko. Lakini stoo nilikuwa nimeona kopo jipya, mali ya majaribio, lililoletwa na msambazaji mwezi uliopita. Maandishi ni ya lugha isiyosomeka, ila kwenye picha kuna mwanamke mweupe usoni pe, ametulia. Nikajua ndiyo yenyewe, foundesheni ya gothiki. Nzito kidogo, kama uji uliopoa. Nikampaka kwa vidole, paji, mashavu, kidevu, shingo. Inakaa vizuri mno! Kisha wanja, mzito, juu na chini, hadi karibu na masikio. Kisha mdomo. Nyeusi, mbili kwa mpigo.

Kengele ya shule ikalia. Mwalimu akaomba kioo. Nikamwambia hakuna muda, akimbie, atajiona kwenye macho ya wanafunzi. Akakimbia.

Shemeji alimwona akipita mlangoni. Kope ilimdondoka mkononi. Akaniuliza nimempaka nini. Nikamwonyesha kopo. Akazisoma picha za nyuma, zile ndogo ambazo mimi sikuwa nimezitazama. Akasema shemeji, hii ni maski. Ya udongo. Inapakwa, inakauka, inabanduliwa. Hutoki nayo nje. Ikikauka, mtu hawezi hata kutabasamu.

Nilimwona Mama Mkwe mawazoni. Niliziona funguo zikielea angani kuelekea kwa Shemeji. Nikaingia stoo, nikakaa gizani, nikaomba.

Na hapo nikasikia kitu. Yaani sikusikia. Kimya! Upande wa shule, kimya. Hakuna kiti, hakuna wimbo. Shemeji naye akatega sikio. Tukatoka wote wawili tukasimama barabarani. Kimya kile kikaendelea, kikaendelea, mpaka kengele ya kutoka.

Mwalimu alirudi anatembea polepole. Uso mkavu, kwa maana zote mbili. Alishindwa kuongea, akaniomba kalamu, akaandika kwenye kiganja chake: WAMEFANYA HESABU ZOTE. Chini yake: HATA YA KUGAWANYA.

Shemeji alimpeleka bombani akambandua. Ndipo alipotusimulia, huku anacheka na kulia. Aliingia darasani akasema habari za leo, mdomo haukufunguka. Akajaribu kutabasamu, uso haukukunjika. Basi akasimama tu, akawatazama. Wale walio juu ya madawati wakashuka mmoja mmoja. Akanyoosha chaki kwa kijana wa nyuma, mkorofi kuliko wote. Kijana akainuka, akaenda ubaoni, akafanya hesabu, akauliza kama anaruhusiwa kukaa. Mkuu wa Shule akapita dirishani, akachungulia, akamwona Mwalimu, akafunga dirisha polepole kutoka nje.

Hatahamishwa. Mwalimu akanishika mikono yote miwili. Nilitisha, akasema. Nilitisha, kaka yangu! Ngozi yake ilikuwa inang'aa kama sahani mpya. Udongo ule kumbe unalainisha. Nikamwambia hiyo ilikuwa hatua ya pili, kama nilivyopanga.

Shemeji akanitazama. Sikumtazama.


Ijumaa, 7 Juni

Wamekuja! Chumba cha walimu chote, wakati wa mapumziko. Wa jiografia, wa sayansi, wa michezo. Wote wanataka ile aliyopaka Mwalimu wa Hesabu. Wa michezo kajipaka hapo hapo, akakodoa macho kwenye kioo, akajitisha mwenyewe, akanunua mbili.

Habari imesambaa kuliko harufu ya kitunguu. Dada wa mapokezi kwenye zahanati kaja, anasema watu wanaruka foleni wanamwambia ni ndugu wa daktari. Kapaka mdomo, kachora nyusi zikapanda juu kama mapaa ya nyumba. Mchana karudi kuripoti kwamba leo daktari hakuwa na ndugu hata mmoja. Fundi cherehani wa kona kachukua tatu. Wateja wanamsumbua kila siku nguo iko wapi, nguo iko wapi. Sasa wakifika na kuona uso ule, wanauliza hali yake na kuondoka. Nguo zenyewe bado hajazikata. Hata mwanamke mmoja mpangaji kanunua, eti jirani yake ana redio.

Nilikosea kitu kimoja tu. Nilidhani gothiki ni ya usiku na makaburini. Kumbe ni mwonekano wa kila siku! Kila anayedharauliwa kazini anaihitaji. Nimemweleza Shemeji nadharia hiyo kwa kirefu. Yeye alikuwa amepiga magoti anamrekebishia mwalimu wa jiografia wanja niliomchora hadi kwenye nywele. Alikuwa anawapunguza wote, mmoja mmoja, huku weupe, kule wanja, anaacha mdomo tu uwe mweusi. Ananiharibia kazi! Ajabu ni kwamba kila anayeharibiwa anatoka anapendeza. Wanatisha na wanapendeza. Nimelichukulia kama bahati yangu.

Nimejaribu pia kope za kubandika, kwa ajili ya kuonyesha wateja. Gundi iliingia jichoni. Nimeuza saa nzima nikiwa nimefumba jicho moja, na mteja mmoja akadhani namkonyeza. Mumewe naye akadhani hivyo. Tumeelewana. Kanunua gundi.


Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nilidhani nimekwisha.

Mkuu wa Shule kaingia dukani. Suti, tai, fimbo ya kutembelea. Kasimama katikati, kasema anamtaka huyo anayewapaka walimu wake. Wateja wakanipisha pande zote mbili, wasaliti. Shemeji akatangulia kusema kwamba ni wazo la duka zima. La duka zima! Anataka kuninyang'anya hata adhabu. Nikajitokeza, nikasema ni mimi.

Mkuu akaomba tuzungumze stoo. Alifunga mlango. Kisha akasema kwamba tangu juzi akipita koridoni hakuna anayeshtuka. Wanafunzi wanamsalimu huku wanatazama nyuma yake kama Mwalimu wa Hesabu anakuja. Miaka yote ya kazi, akasema, na amebaki kuwa babu wa kengele. Nilimwonea huruma kwelikweli, maana mimi najua ilivyo mtu kupita asionekane.

Akauliza, kwa kunong'ona, kama kuna kitu kwa ajili ya mwanamume. Kidogo tu. Kisichojulikana.

Nikampaka wanja chini ya macho, mwembamba. Nakiri mkono ulikwenda wenyewe kama wa Shemeji, ndiyo kwanza nikaona kumbe ni rahisi. Nikakoza nyusi. Akajitazama, akakunja uso. Hata mimi nikarudi nyuma! Akatoka kwa mlango wa stoo, fimbo mkononi, anakanyaga kama askari wa gwaride. Kanunua kwangu wanja sita. Anasema ni za mke wake. Nikamwambia bila shaka, Mkuu.

Rangi ya mdomo imebaki moja tu kwenye rafu. Fundi viatu kaichukua.

Boksi zima limekwisha! Niliruka. Kweli niliruka, na kichwa kikagonga rafu ya mafuta, na mafuta yakamwagika, na kumbe hayo ndiyo niliyokuwa nayahitaji. Maana Shemeji alipokuja kufuta, alichovya pamba kwenye dimbwi, akanipangusa mdomo, na weusi ukatoka pamba ya kwanza. Mafuta tu! Ya kawaida! Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Jumatano. Nikamuuliza kwa nini kaniacha niteseke na limau. Akasema watu walikuwa wanaingia dukani kuutazama mdomo wangu, na wakishaingia wananunua, sasa yeye angeufutaje?

Kakubali mwenyewe! Kwa mdomo wake! Kwamba mdomo wangu ndio uliouza. Nimemsamehe papo hapo.


Jumapili, 9 Juni

Mama Mkwe karejea. Goti kafungwa bendeji, uso umepumzika. Duka limefagiliwa, mimi nimechomekea shati. Mdomo wangu ni wa rangi aliyonizaa nayo mama.

Sikujua kwamba Mwalimu wa Hesabu alikuwa amewaita wenzake waje kumkaribisha. Walijipanga mlangoni, wote kwa midomo myeusi na macho ya wanja, kimya kwa heshima. Mama aliposhuka garini alishika kifua. Akauliza nani amefariki. Ilichukua muda kumtuliza. Mwalimu wa Hesabu akatoka mbele, akamwamkia, akamsimulia yote, kimya kile, na hesabu ya kugawanya, na kwamba angekuwa sasa anapanga mafaili. Akasema na ni huyu mkweo, Mama. Alinyoosha kidole kwangu. Nilitaka kulia.

Mama aliingia, akatazama rafu ya mbele. Tupu. Akatazama ya wanja. Tupu. Akatazama kistuli cha Shemeji, akamtazama Shemeji, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe kwa namna ile ya mama na binti. Sikuielewa. Kisha akachukua funguo kiunoni mwake, akaniwekea kiganjani.

Mimi!

Alisema mtu wa funguo anatakiwa awe wa kuamka mapema na mwenye mgongo imara. Akasema nitafungua asubuhi, nitafunga jioni, na katikati nisiguse simu. Maagizo yote ni ya Shemeji, na droo ya mauzo ni ya Shemeji, na wateja wakitaka kupakwa ni wa Shemeji. Mambo madogo madogo ya ndani hayo. Funguo ziko kwangu! Nikajaribu kumwonea huruma Shemeji. Alikuwa anatabasamu. Anajua kuficha maumivu, namheshimu kwa hilo.

Nilitembea nyumbani nikizichezesha mfukoni zilie. Mke wangu alikuwa mlangoni na jirani mpya, yule aliyehamia juzi. Jirani akamuuliza huyu ndiye mzee wako, anafanya kazi gani? Nikasimama. Moyo nao ukasimama.

Mke wangu akasema ndiye mwenye funguo za duka la vipodozi. Akalisema polepole. Hakuuliza habari za watoto wa mtu. Halafu akanichukulia begi, kitu ambacho hajafanya tangu tukiwa wachumba, na ndani, mlango ulipofungwa, akanishika shavu akasema hongera, mume wangu. Nililia. Sioni aibu kuandika. Nililia hadi akaniletea kanga nijifute, naye akacheka, naye kidogo akalia.


Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza. Nilifungua duka kabla hata ya muuza magazeti. Nikafunga. Nikafungua tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeniona.

Shemeji alikuwa bado njiani simu ya duka ilipolia. Ndiyo, Mama alikataza. Lakini simu inayolia katika duka ambalo funguo zake unazo ni kama mtoto anayelia, utamwacha? Alikuwa muuza jumla. Anasema kasikia nilivyotisha na ule mzigo, mtaa mzima unanitaja. Ana kitu kingine, shampuu, mali mpya, madumu kwa madumu, inaimarisha nywele kutoka kwenye shina, ziwe nzito, zing'ae, zisikatike hata zikivutwa. Akaniuliza kama nina wateja wa aina hiyo. Nikamwambia mimi nina wateja wa kila aina. Akauliza nina uhakika? Nikamwambia alete yote.

Imefika mchana. Nimeificha stoo, nataka Shemeji ashtukie mafanikio. Mali nzuri sana! Harufu kali, ya kiume. Kwenye dumu kuna picha ya farasi. Ni nembo tu, mnyama mwenye nguvu, nywele zenye nguvu. Maelekezo yanasema msimamishe mahali pasipoteleza, paka kuanzia shingoni hadi mkiani, suuza kwa mpira wa bustani. Tafsiri mbovu, kama kawaida ya mali za nje. Nimeelewa wanachotaka kusema.

Jioni nimempelekea Mama Mkwe dumu la kwanza nyumbani kwake, zawadi ya shukrani, maana amekuwa akilalamika nywele zinakatika. Nimemkabidhi kwa mikono miwili, macho chini. Amefurahi mno. Ameshaingia nalo bafuni.